Teke kwenye Chuma

Barabara ya ufukweni ya Aberystwyth inapokoma
chini ya kilima, kuna ukingo wa chuma uliopakwa rangi,
na kila asomaye hapa huupiga teke kabla hajageuka kurudi.
Ukiuliza sababu, utapewa sababu nne.
Mwenye duka la vitabu ana ya tano.
Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kwa haya,
nikaangaza nyuma, kama kuna aliyeniona.
Huu ni wa kumi na tisa. Kiatu kinajua njia.

Septemba huja na magari yaliyosheheni mito na masufuria,
akina baba wanaojifanya wameingiwa na mchanga machoni,
na barua pepe kabla sijavua koti:
Dokta, slaidi ziko wapi?
Dokta, mhadhara utarekodiwa?
Dokta, ulisema siku tatu, leo ni ya nne.

Nakiri, nilinung'unika.
Mimi na Emrys wa jiolojia, juu ya chai iliyopoa,
tuliwaita wateja.
"Wanataka risiti," alisema, "ya kila wazo."
Tukacheka. Nje mvua ilinyesha kwa ubavu,
mvua ya huku, isiyotambua mwavuli.

Nami nikawa na hadithi yangu ya Morogoro:
kitabu kimoja cha udongo, watu arobaini,
zamu ya saa mbili mbili hadi alfajiri,
na mmoja wetu, hatukumjua, aliyechana ukurasa wa 112
akabaki nao peke yake.
Profesa alikuja alipotaka.
Alama zilibandikwa ukutani, jina na tarakimu, basi.
Hakuna aliyeuliza, mbona arobaini na tatu?
Hiyo tuliiita adabu.

Novemba kwezi walizunguka juu ya gati
kama moshi unaobadili nia.
Januari, ukumbi wa mitihani, kikohozi na kalamu.
Machi tuligoma, sisi walimu,
tukasimama langoni na mabango yaliyolowa
tukidai pensheni, tukidai majibu, tukidai kwa maandishi.
Wanafunzi walituletea chai ya moto.
Hakuna aliyetuita wateja.

Juma lililofuata akaja Tirion, wa shambani huko Tregaron,
koti likichuruzika, macho mekundu:
usiku huwageuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kutunzia,
asubuhi huja darasani kwangu.
Akaweka insha mezani. Hamsini na nane.
Chini yake mwandiko wangu: Vizuri, lakini panua.
"Nipanue nini?" akauliza.
"Sidai alama. Deni la masomo haya
nitalilipa mpaka nitakapoota mvi.
Nataka kujua tu, nipanue nini."

Nikaisoma mbele yake. Saa ya ukutani ikasikika.
Ukurasa wa nne ulikuwa umepanua kila kitu.
Ukurasa wa nne sikuwa nimeusoma.
Nikaukumbuka ule wa 112,
na miaka yote niliyomlaani mchanaji.

Sisemi wote wana haki.
Yupo aliyelalamika kwamba udongo unanuka.
Yupo aliyetaka mtihani usogezwe kwa ajili ya harusi ya jirani.
Hao nawajibu siku ya nne, makusudi.
Lakini sasa nasoma hadi ukurasa wa mwisho,
na neno "panua" nimelifukuza kwenye kalamu yangu.

Julai, majoho ya kukodi, kofia zikipigana na upepo.
Majina ya Kiwelisi niliyafanyia mazoezi bafuni,
ile "ll" inayotaka ulimi ukae ubavuni na pumzi ipite.
Bibi yake Tirion alipiga makofi peke yake, kabla ya wakati.

Jioni tukatembea hadi kwenye kilima, kundi zima.
"Kwa nini tunaupiga, Dokta?"
Nikafungua kinywa niitoe ile sababu ya tano.
"Sijui," nikasema. "Sikuwahi kuuliza."
Akavua kiatu cha kisigino kirefu, akaupiga kwa vidole vitupu,
akatukana kwa Kiwelisi,
na mimi, baada ya miaka kumi na tisa,
nikaelewa kila neno.